Nitakuchora na Jembe Lako

Upplands Väsby,
Stockholm, Sweden.
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Vumilia,

Shikamoo. Habari za hapo Ludewa? Goti limepata nafuu, au bado unawaficha watu wasikukataze shamba? Sisi ni wazima. Baridi imeanza kulegea. Binti yangu Heshima ameshanipita urefu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, lakini anaelewa kila kitu, hata matusi.

Picha yako imefika kwenye simu. Nimecheka, halafu nimekasirika. Nani kakuvalisha lile gauni la sare ya harusi ya kaka Japhet? Na huyo mpiga picha kakuweka mbele ya jumba la ghorofa, kakung'arisha uso mpaka kovu lako la shavuni nimelitafuta nisilione. Shangazi, mimi niliomba picha ya shambani ili nikuchore.

Najua utasema mtu hapigwi picha na nguo za kazi, Wazungu watadhani umechakaa. Sasa nisikilize. Mwalimu wetu wa kuchora alitupeleka jumba la makumbusho hapa mjini. Kuna mchoro wa chaki nyekundu na nyeusi, una karibu miaka mia nne. Ni mkulima tu, amekaa chini, kofia imemlegea, vidole vinene vimeshika mpini. Watu wanasimama mbele yake kimya, hakuna anayemcheka. Kilichoniuma ni kwamba jina lake halijulikani. Pameandikwa "Mkulima", basi. Nililia palepale, bila aibu.

Mwezi wa tano darasa letu litatundika michoro maktaba ya hapa, na mimi nina nafasi yangu ukutani. Lile gauni silichori, hata ukinuna. Bila ruhusa yako pia sichori. Nafasi itabaki tupu, nami nitasimama hapo niwaeleze watu kwa nini.

Kwa hiyo nakusihi, kaka Japhet akupige picha ukitoka kupalilia, kabla hujanawa miguu. Kanga kiunoni, jembe mkononi. Mikono hiyo ndiyo iliyonisomesha mama alipofariki, na sitaificha kwa mtu yeyote. Chini ya mchoro nitaandika jina lako lote, pamoja na la babu.

Nisalimie Japhet na mkewe Orpha, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awape mvua ya kutosha na afya ya kuvuna.

Ni mimi mwanao nikupendaye, mbishi kama ulivyonilea,
Theresia