Mdoriani wa Kisimani

Jumatatu, 6 Januari

Tangu nizaliwe sijala kitu cha mtu bila ya ruhusa yake. Nshasema hivyo barazani mbele ya watu, na hakuna aliyenipinga.

Uongo. Ndevu zangu zinanuka doriani hivi sasa. Nimetoka kusali alfajiri, nikapita njia ya kisimani kama kila siku ya msimu. Nimeokota moja lililoanguka katika shamba la Makame Beseni, nikalila palepale nimechutama. Kokwa nimezifukia. Miaka thelathini na ushei nafanya hivi.

Mke wangu, Bi Asha, kaninusa mlangoni. "Leo umesali sokoni?" Nikamwambia upepo huo.

Baiskeli mbili za kutengeneza. Mpira wa moja umeoza kama mimi.

Jumanne, 7 Januari

Makame karudishwa kutoka hospitali. Figo. Daktari kawaambia watoto wake nyumbani atapumzika vizuri zaidi. Mtu mzima anayajua maneno hayo.

Barazani wanamsifu kama kesha kufa. Nami nimesifu. Mtumbatu huyu alikuja hapa Dole kutoka kisiwani kwao na mabeseni kumi kichwani, akiuza nyumba hadi nyumba. Mabeseni yakazaa ndoo, ndoo zikazaa duka Mwanakwerekwe. Akanunua shamba la baba yangu, mimi niko Tanga kwenye mkonge. Watu wakacheka, mtu wa pwani atalima nini? Akalima. Mishokishoki ya matunda mekundu yenye manyoya, migomba, mananasi. Alikuwa akiamka, kwanza anaitazama miche, ndipo amtazame mkewe.

Niliporudi nilimchukia mwaka mzima. Kisha nikamzoea. Sasa siku isiyokuwa ya kumtania naiona ndefu.

Akifa shauri yake, mie hainishughulishi.

Huo uongo wa pili wiki hii. Naogopa.

Alhamisi, 9 Januari

Ninachoogopa ni hiki. Mungu anasamehe yaliyo yake. Ya Makame lazima asamehe Makame. Sheikh kalisema hili mara ngapi, nami nimekaa safu ya mbele nanuka doriani. Akitangulia hajanisamehe, nitamkuta huko mbele ya viumbe vyote, yeye na kikapu cha kokwa.

Nimekwenda. Chumba kimejaa. Mkewe, Bi Riziki, anamlisha uji. Shemeji, jirani, watu wa sokoni. Utaombaje msamaha wa wizi mbele ya halaiki? Nikamwambia, "Makame, mbona umejikunja kama beseni lililokanyagwa na gari?"

Kacheka mpaka akakohoa. Bi Riziki kaninyanyulia kijiko.

Nimerudi na dhambi zangu zote, haijapungua hata moja.

Ijumaa, 10 Januari

Nimekwenda tena. Amelala. Nimekaa kando yake mpaka magharibi inakaribia, nikaondoka.

Nilikwenda kuomba msamaha, nikarudi na mifuko ya kanzu imejaa shokishoki zake. Wallahi sikukusudia. Mkono huu una akili zake.

Jumapili, 12 Januari

Kaniita mwenyewe. Kawatoa watu wote chumbani, hata Bi Riziki. Nikajua basi, kuna mtu kaniona. Nikafungua mdomo, akanitangulia.

"Silima, nna haki yako."

"Haki gani tena?"

Kaniambia nivute mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Ndani mna hati ya mauziano ya shamba. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mkono wa baba. Chuo cha Kurani nilikitoroka mapema, shule niliishia darasa la tano, kwa hivyo nimeisoma kwa kidole, polepole. Ardhi yote kamuuzia Makame. Mti mmoja hakuuza. Mdoriani wa kisimani ubaki kwa mwanangu Silima.

Kwetu si ajabu, udongo wa huyu na mti wa yule. Lakini baba alifariki sijarudi, shahidi naye akafuata, na Makame akaikunja karatasi.

"Nilisema msimu ukimalizika nitakwambia," kasema. "Ukaja msimu mwengine. Nikaona haya. Ukaja mwengine. Nisamehe, ndugu yangu."

Miaka yote hii naiba doriani langu mwenyewe! Nachutama, nafukia kokwa, najificha hata kuku asinione. Mwizi mjinga kama mimi hajazaliwa Unguja. Nilitaka kucheka nigaegae.

Sikucheka. Nilifanya la kipumbavu zaidi. Nilinyoosha mgongo, nikakunja uso kama kadhi. Kumbe kudhulumiwa kuna utamu wake! Nikamwacha aombe mara tatu. Akataka kunilipa, nikainua mkono: ah, mimi si mtu wa hivyo. Walii nimekaa kitini. Mwisho nikasema, "Nshakusamehe, duniani na akhera."

Akalia. Kanishika mkono, mkono uleule.

"Wewe mtu mwema, Silima. Na wewe una lolote kwangu?"

Nikasema sina.

Shokishoki msimu hadi msimu. Mananasi. Mkungu wa ndizi ulioibiwa siku ya harusi ya binti yake. Hivyo havimo katika hati yoyote. Nikasema sina!

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimekula doriani langu mchana kweupe, nimesimama, nasalimia wapita njia. Halikuwa tamu kama yale ya kuchutama.

Nimemweleza Bi Asha. Kaweka kifuu cha nazi chini. "Nenda kamwambie sasa hivi."

Kesho asubuhi. Leo niache nionje kuwa mtu mwema.

Jumanne, 14 Januari

Makame amefariki.

Nilikuwa njiani. Nshafika kwenye mishokishoki, nikasikia kilio cha wanawake. Nimesimama pale sijui kwa muda gani. Matunda mekundu yamejaa mpaka chini, nami sikugusa hata moja.

Tumemzika baada ya alasiri. Wametoka Mwanakwerekwe magari matatu, wauza ndoo, wauza kamba, wauza mapazia. Sheikh kauliza tunamshuhudia vipi huyu. Nimejibu kabla ya wote, kwa sauti ya mnadani: mtu mwema! Watu wakageuka.

Huo haukuwa uongo.

Ijumaa, 17 Januari

Sheikh kaniambia nende kwa warithi. Baada ya hitma nimekwenda. Bi Riziki yuko edani, kanisikiliza nyuma ya pazia, mwanawe mkubwa kakaa mlangoni. Nimetaja yote. Nilipofika kwenye mananasi pazia likatikisika.

"Hata mananasi ni wewe, Bwana Silima? Na marehemu akiwapiga kima kwa mawe!"

Kijana kaziba uso kwa kofia, mabega yanamcheza. Nyuma ya pazia wanawake hoi. Msiba ukageuka harusi. Mkungu wa ndizi nusura uwaue.

Kisha Bi Riziki kasema, "Sisi tumekusamehe. Yeye mwenyewe ulimwambia?"

Nikasema sikumwambia. Hakuna aliyecheka tena.

Jumatatu, 20 Januari

Mvua kidogo alfajiri. Nimepita makaburini. Udongo bado unyevu, umeanza kukaa sawa. Mtu kaotesha mche wa mrehani upande wa kichwani, nimeumwagia kopo moja la maji.

Tengeneza breki ya baiskeli ya mwalimu. Nunua gundi.

Makame, mie nilikusamehe. Nilikusumbua kidogo, lakini nilikupa msamaha wote, sikubakisha. Basi nawe nisamehe mimi, ni matunda tu. Na kama huko bado unanuna juu ya ndizi, nipe japo nusu.