Tronsonezi ya pili na mukwe wangu

Kasongo, Alhamisi. Mvua ilinyesha asubuhi ikaacha matope mpaka jikoni, na roho yangu iko sawa na yale matope. Ukikuta hapa makosa ya kuandika, pita nayo. Shule niliachia mwaka wa tatu, naandika na kidole kimoja, na bado nina akili kuliko wanaume wote niliokutana nao leo.

Nilitoka kutafuta tronsonezi ya pili, ile mashine ya kukata miti. Ya kwanza ninayo na inafanya kazi. Basi watu wananiuliza: koko, bibi yetu, ya pili ni ya nini, utakata na mikono yote mbili? Wajinga. Mimi napika ngazi, yale matunda ya muti wa mawese. Ngazi zikishuka ku muti zinangoja siku tatu, ine, kisha zinaanza kuoza, na mawese yake yanauma koo. Kuzipika mu pipa kunakula kuni sawa vile moto wa kuchoma matofali. Msimu uliopita mashine ilikufa katikati ya kazi, kipande chake kikangojewa kutoka Bukavu, na mimi nikabaki kuangalia ngazi zangu zikitoa povu. Mawese yale yalichukuliwa na watu wa sabuni tu. Watu wa sabuni, mimi ambaye mawese yangu yanaulizwa mpaka Nyangwe.

Jumatatu wakata ngazi wanapanda miti. Kwa hiyo leo nilienda.

Mukwe wangu, Baba Furaha, ndiye anayenikatia kuni, ikabidi twende wote. Na hapo ndipo kuna taabu. Kwetu mama mukwe na mukwe wanaheshimiana. Simwiti jina, simgombezi usoni, naye hanijibu usoni. Maneno yanapita kwa binti yangu, Mama Furaha. Leo binti yangu alikuwa shambani, tukabaki wawili bila mutu wa kupitishia neno. Mimi ninayegombeza hata mbuzi wa jirani, nilitembea siku nzima na mutu nisiyeweza kumwambia kitu.

Tulianza kwa mufanyabiashara mumoja pale sokoni. Amepanga mashine zake juu ya meza sawa vile mikate, zote zimepakwa rangi mupya. Mashine iliyosumbuka ku machimbo ya Lusangi miaka na miaka, leo inang'aa kama kiatu cha harusi. Akachukua moja ndogo, akashika kamba, akasema, koko, angalia, hii inawaka mara moja.

Nikamwambia angoje. Nikaweka mukono ku bomba la moshi. Lilikuwa la moto.

Nikamwuliza mashine hii ilikuwa inakata nini asubuhi yote? Akasema ni jua. Jua gani, na matope bado ku viatu vyake? Mashine iliyochoka, ukiipasha moto kabla mununuzi hajafika, inawaka vizuri. Ikipoa, utavuta kamba mpaka bega litoke. Mimi nimepasha chakula cha jana miaka makumi ine. Mutu asije kunidanganya na kitu cha kupashwa.

Nikigeuka, namwona mukwe wangu amebeba mashine kubwa kuliko zote, jembe lake, ule upanga unaobeba munyororo wa meno, refu kama muguu wake, anajiangalia mu kioo cha moto, pikipiki moja iliyosimama pale. Ile ni mashine ya kupasua mbao. Kwa kuni za pipa, utaibeba asubuhi, saa sita mugongo umekwisha, nayo inakunywa esansi, ile petroli, kama mugeni wa kilio. Neno lilinifika ku meno. Kumwambia siwezi. Basi nikaiambia mashine.

"Wewe mashine, wewe ni ya watu wa mbao. Anayekuchukua kwa kukata kuni anataka tu mabinti wamuone."

Muuzaji akaangalia mashine, akaniangalia mimi. Mukwe akaiweka chini polepole, akafuta mikono ku suruali.

Tukachukua moto mbili za kukodi, yeye yake na mimi yangu, tukaenda kwa fundi mumoja anayekaa ku barabara ya Kabambare. Kwake kulikuwa na mashine ya katikati, si kubwa si ndogo. Muchimba dhahabu mumoja aliiacha wakati alirudi kwao. Chafu, nyeusi na mafuta, rangi hakuna. Nikaipenda palepale. Angalau haikujipamba.

Bomba la moshi lilikuwa baridi kama jiwe. Nikaishika kwa mupini wa ile kamba ya kuwashia, nikaiinua hewani ininginie. Mashine iliyokufa nguvu inashuka haraka, sawa vile ndoo mu kisima. Hii ilishuka kidogo, ikasimama, ikashuka kidogo tena. Fundi akavuta kamba mara tatu, ikawaka. Akakata gogo, likatoa vipande, si unga. Jembe lake ni refu kama mukono wangu, linatosha kwa miti yetu, na uzito wake hata mimi naubeba.

Nikasema, ni hii. Nikaanza kuongea bei na fundi, atapewa bidoni ngapi, yale madumu ya mawese.

Mukwe wangu alikuwa ameinama juu yake muda murefu. Akapitisha kidole pale mbele ya mushikio wa juu. Mashine iliyo nzima inakuwa na kibao pale, ndicho cha freni, ile breki yake: mashine ikigusa muti na ncha, inaruka nyuma, mukono unasukuma kile kibao na sheni, ule munyororo, inasimama. Ku hii, kibao hakuna. Kuna waya tu, imezungushwa ili kufunga tundu.

Basi huyu mutu, ambaye tangu harusi sijamsikia akisema maneno kumi mbele yangu, akaiambia mashine:

"Wewe mashine, uko muzuri. Lakini siku utakapofika ku muguu wangu, utamwambia Mama Furaha nini?"

Damu ikanipanda. Ameiba njia yangu mwenyewe ya kusema, na anaitumia vizuri kuliko mimi. Nikaijibu mashine kwamba baba zetu walikata na shoka, na shoka haina freni, kwa hiyo iwaambie waoga wabaki jikoni.

"Mashine," akasema, na kichwa hakukiinua, "shoka inapiga mara moja, wewe unazunguka. Mwambie mama kuni zake nimekata miaka saba na nitaendelea kukata. Lakini na wewe vile uko, hapana."

Fundi alikuwa amekaa ku pneu, tairi ya gari, mudomo wazi. "Munagombana na mashine yangu ama munainunua?"

Sasa niandike kile sikukisema pale.

Ile waya niliiona. Niliiona yeye bado hajaiona, saa ile niliinua mashine kwa kamba.

Niliiona na nilinyamaza.

Na nilijua kazi ya kile kibao, kwa sababu mashine yangu ya kwanza iko nacho. Nilijiambia: Jumatatu wanapanda, ngazi haziombi ruhusa ya kuoza, na huyu mwanaume mwenyewe anajua kujichunga. Miguu yake ilikuwa mbele yangu, ile miguu inayowalisha binti yangu na wajukuu wangu, na mimi kichwani nilikuwa naona mapipa. Mudomo wangu wote huu unaogombeza soko nzima, siku ulihitajika, ulifungwa.

Fundi tulipombana, akakumbuka eti nyuma ya nyumba iko na mashine ingine ya namna ileile, imekufa motere, injini yake, lakini kibao chake na freni yake ni vizima. Akakumbuka. Alikuwa nayo wakati wote, anangoja kuona kama tuko wajinga vya kutosha. Nilimpa maneno yake, na kwake yeye sikuhitaji kupitia mashine. Atatoa kila kitu cha freni ku ile, ataweka ku hii, Jumamosi tunarudi. Sheni ikizunguka, mukwe atasukuma kibao. Isiposimama papo hapo, fundi abaki nayo akate nayo kucha zake.

Kwa hiyo sina mashine ya pili leo. Nilituma neno kwa wakata ngazi wasipande Jumatatu mpaka niwaite, maana Jumamosi freni inaweza kukataa. Ngazi zilizoiva zaidi zitaanguka zenyewe na panya watakula. Basi, wakule.

Tulirudi kila mutu na moto yake. Hakuniangalia, sikumwangalia. Siku zote ni vile, ni heshima. Leo kwa upande wangu haikuwa heshima.

Jioni binti yangu akapita hapa na salamu za bwana yake. Alisema: mama asijisumbue roho, waya ile ilikuwa vigumu kuiona, hata kijana angepita bila kuiona, na macho ya mama yamefanya kazi sana.

Macho ya mama. Anafikiri sioni. Amekwisha kunisamehe, na ananihurumia juu ya uzee. Mimi ninayetoa mchanga mu muchele bila miwani. Binti yangu aliniangalia na huruma ileile, akanipangusia kiti nikae. Nikakaa. Nikanyamaza mara ya pili, na hii ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu hapakuwa na ngazi yoyote ya kuponya.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha moto, naenda kwa binti yangu. Nitamwambia mama yako aliona, na yeye apeleke neno kwa bwana yake, maana njia ni ile. Watakasirika. Wakasirike mpaka wachoke. Huyo mwanaume alikataa kwa heshima mbele ya mutu aliyemwita muoga, na alikuwa na haki. Ajue alimkatalia nani.

Sitaki kusamehewa juu ya macho mabovu. Macho yangu ni mazima.