Lori la Kaka Deo Limepata Nguvu

Bwiza, Bujumbura

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na kifua chako: je, kikohozi kimepungua, au bado kinakunyima usingizi? Sisi wanao wawili tu wazima, ingawa huko milimani mizinga haijanyamaza.

Uliniuliza kama shahada yangu imemfaa mtu yeyote. Imemfaa kaka Deo, na ndilo linalonitesa. Unajua kwamba malori ya Gitega hupanda mlima kwa msafara, yakilindwa na askari, na linalobaki nyuma hushambuliwa. Lori la kaka lilikuwa likibaki. Lina turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa ipate nguvu, lakini turbo huzungushwa na moshi wa injini. Injini ikienda polepole kwenye kona kali, moshi huwa haba na turbo hulala. Nikabishana na gereji nzima kwamba dawa ni kuongeza kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini yenyewe: hii isukume hewa lori linapojikokota, kisha turbo ipokee kazi mwendo ukikolea.

"Moteri moja na pua mbili? Injinia, we umesoma mpaka umepita!" wakanicheka.

Nikatoa kompresa kwenye basi bovu, nikaifunga. Lori likapanda kama halikubeba kitu.

Furaha yangu, Baba, haikudumu. Desturi ya msafara ni kwamba lori lenye nguvu kuliko yote huwekwa mwisho, livute yanayokwama. Sasa ndilo la kaka. Nilimwendea mkuu wa msafara na hoja zangu zote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, akiniita mdogo kwa Kifaransa: "Basi tuweke nani nyuma, petit? Ule mwenye atakwama?" Nikaaga nikaondoka, mimi unayenilaumu kila siku kwa ubishi.

Nikiifungua kompresa, kaka atabaki nyuma kwa udhaifu. Nikiiacha, atabaki nyuma kwa amri. Hakuna kitabu nilichosoma chenye njia ya tatu. Jana nilimsihi aache kazi hiyo.

"Apana, mudogo wangu. Nani atavuta wenzangu? Kaza mukanda, niende."

Nikaukaza, kwa mikono yangu mwenyewe. Leo asubuhi ameondoka, nami sina la kufanya ila kusubiri.

Nisalimie Mama, na mjomba Simoni aliyenilipia masomo. Mke wa kaka, mjamzito uliyenaye hapo nyumbani, mpe heri zangu, lakini usimwambie lori linakaa wapi katika msafara. Mwambie limepata nguvu. Hilo ni kweli.

Mwanao mtiifu,
Anselmi