Karatasi Uliyoiacha Ndani ya Mota

Baba,

Shikamoo yako leo sikupi. Najua ningekuwa mbele yako ungenikata jicho, na Mama angenifinya mkono. Lakini nimekaa juu ya benchi lako hapa karakana, Mabwerebwere, na nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Watu husema marehemu hasemwi. Nimeshakusema, mbele ya ushirika mzima, na sasa nakwambia wewe mwenyewe.

Arobaini yako ilipokwisha, Saidi alitaka kumalizia madawati ya shule. Saidi uliyekuwa ukimwita mwanangu wa pili. Akawasha msumeno, mota ikanguruma na haikuzunguka. Hakuna aliyeshangaa, kwani tangu ushirika uanze mashine ile haijawahi kuanza bila mkono wako. Ulikuwa unaviringisha kamba kwenye puli, unavuta mara moja, inakubali. Ukituona tunaisogelea unasema, "Acheni, hii inamjua mwenyewe." Nasi tunacheka, wajinga sisi. Basi Saidi akavuta kamba kama alivyokuona ukifanya. Ikamnasa, na mkanda ukachukua vidole viwili. Seremala, Baba! Na mkono ni wa kulia.

Niliposhuka kwenye treni kutoka kwa mume wangu kule Munisagara, damu ilikuwa imeshafunikwa kwa unga wa mbao na maneno yameshaenea: Fundi aliifunga mashine, na dawa anayo mkewe. Mwenyekiti wa ushirika, aliyekuwa akila pilau kwetu kila Idi, akamwita Mama mkutanoni. Akamwambia, "Mama Mwanaidi, toa ulichoachiwa, au utupishe kwenye nyumba ya ushirika. Una siku saba." Mama aliapa mpaka sauti ikamkauka. Wenzake wakaacha kumsubiri bombani.

Mimi sikuamini dawa. Niliamini ulichonifundisha: zima kwanza, kisha anza na kilicho rahisi. Nikatoa fyuzi, nikavua mkanda. Nikaizungusha shafti kwa vidole, ikaenda laini bila kukwaruza, kwa hiyo beringi ni nzima. Nikarudisha fyuzi, nikawasha, ngurumo ileile. Nikazima. Nikaviringisha kamba, nikavuta kuelekea kulia na kuwasha papo hapo, ikaondoka. Nikazima tena, nikavuta kuelekea kushoto, nikawasha, ikaondoka vilevile, kushoto. Hapo nikakaa chini. Dawa gani isiyojua kulia na kushoto? Umeme ulikuwa unafika, ila ule wa kuisukuma ianze ndio haukuwa unapita. Na huo hupita kwenye swichi ndogo ya nyuma, chini ya kifuniko ulichokuwa ukikifungua wewe tu, baada ya kututoa nje. "Tokeni, kuna umeme."

Sikukifungua peke yangu. Nilitaka wote waone waya uliokatika, wamwombe Mama radhi, yaishe. Nikamwita Mwenyekiti, nikawaita akina mama wa bombani, Saidi akaja na bendeji yake. Nikalegeza skrubu nne. Kati ya ncha mbili za swichi, zinazotakiwa kugusana ili umeme upite, palikuwa na kipande cha pakiti ya sigara, kimekunjwa mara tatu, kimelowa mafuta. Sigara zako, Baba. Karakana nzima hakuna mwingine aliyevuta aina ile.

Sikuulizi kwa nini, maana najua, na ndiyo maana nimekasirika. Nakumbuka tulivyoishusha stesheni mashine ile uliyoinunua kwa pesa zako, ukaisukuma kwa mkokoteni mwenyewe, ukaifuta vumbi kwa kanzu yako mpya na Mama akapiga kelele. Nakumbuka na siku ilipotangazwa kuwa ni mali ya wote. Ulisimama ukapiga makofi kuliko watu wote. Ungekataa! Ungesema, "Hili ni jasho langu." Ungegombana nao na sisi wanao tungesimama nyuma yako, tukitukanwa makabaila na tutukanwe. Wewe ukapiga makofi, kisha ukaenda kukunja karatasi.

Halafu ukanyamaza. Uliugua wiki tatu. Saidi ndiye aliyekubeba mgongoni kukupeleka hospitali, ukahema shingoni kwake, na bado ukanyamaza. Maneno mawili tu, Baba. "Fungueni nyuma." Yangekushinda nini?

Nilisimama nikasema, "Hii ni ya baba yangu. Mama hajui kitu." Nikazisugua ncha kwa msasa, nikafunika, nikarudisha mkanda, nikamwambia Saidi awashe. Ikaanza yenyewe. Hakuna aliyeshangilia. Mwenyekiti alitazama viatu vyake, akasema nyumba ni ya Mama, akaenda zake bila kuomba radhi.

Na Mama, unadhani alinishukuru? Tulipofika nyumbani alivua mtandio, akakaa kitandani kwako, akasema, "Mwanaidi, ungeniacha niitwe mchawi. Ungemwachia baba yako jina." Nikamwambia mficha uchi hazai. Akanijibu kwamba yeye ameshazaa, na tazama alichokizaa. Leo siku ya tano ananipakulia chakula bila neno. Nimemwokoa na amenikasirikia, na wewe uliyeyafanya yote umelala pazuri, unaombewa dua. Nakupenda, na hilo linanikera zaidi. Ungekuwa baba mbaya ningelala usingizi.

Basi pumzika, Baba. Kaburi lako nitalipalilia kila mvua zikiisha, na Ijumaa nitakusomea Yasini. Hayo ni haki yako kwangu, sitakunyima. Kifuniko cha nyuma sasa kila seremala anajua kukifungua, hata wale wa zamu ya Jumamosi. Lakini msamaha usiungoje kwangu. Nakuahidi nitautoa siku Saidi atakapotoa wake, sitamtangulia hata kwa saa moja. Jana nilimkuta uani, ameipa karakana mgongo, anajifundisha kupiga randa kwa mkono wa kushoto.

Mwanao,
Mwanaidi