Lin, Nilikudanganya Kuhusu Kipimo

Shoga yangu Lin,

Kaka yako alikuchukua akakurudisha kwenu, kwa hivyo hapa Maskati sina kaburi la kukuzuru. Ndiyo maana nakuandikia, tena kwa Kiswahili ulichokiokota Kariakoo, miaka ile ulipokuwa ukiuza vitambaa Dar es Salaam kabla hujaja kufungua duka huku kwetu, sokoni Matrah.

Mama bado anacheka akiikumbuka siku tuliyokujua. Tulisimama dukani kwako tukikisengenya kitambaa chako, tukiamini Mchina hatusikii. Ukamaliza kukunja jora, ukasema taratibu: "Hakichuji, mama. Kikichuja nirudishie." Mama aliona haya mpaka akanunua mita sita. Tangu hapo ukawa mtu wa nyumbani kwetu, mtaa wa Ansab. Kila Ijumaa ulikula nasi, ukimwambia Mama biriani yake haina pilipili ya kutosha. Hakuna mwengine aliyethubutu.

Maradhi ulinificha mwaka mzima. Nilijua siku mkono wako wa kushoto ulipovimba ukashindwa kuinua jora. Nikakuuliza kwa nini hukusema. Ulijibu kuwa kijivimbe cha kifuani hakikuuma, na kisichouma ulidhani si ugonjwa. Ukanambia kwamba mama yako hakuwahi kulitaja ziwa kwa jina mbele yako, na kwamba nyinyi wanawake wa kwenu mlikuwa mkiambiana mwenye maziwa madogo hapati maradhi yale. Duka ulilifunga Ijumaa tu, na Ijumaa kituo cha afya nacho kimefungwa. Karatasi ya kuwaita wanawake wakapime saratani ya matiti ulikuwa nayo. Iliandikwa Kiarabu, ukaikunja ukaiweka chini ya mguu wa cherehani isitikisike.

Nilikukasirikia kimoyomoyo. Lakini mie niliyekasirika nnasoma Kiarabu, nnakaa mwendo wa dakika tano kutoka kituoni, na nilikuwa sijapima hata siku moja. Haya ilinishika. Na khofu. Nilijiambia nisipotafuta sitokuta.

Asubuhi moja hospitalini, nakukamulia kitambaa cha kukufuta uso, ukanishika mkono.

"Salma, wewe umepima?"

Nikasema nimepima.

Ukafumba macho. "Basi mie nimepumzika," ukasema. Wiki ile ile ukaondoka.

Nilikudanganya, Lin. Sikuwa nimepima. Siku nyengine nilitaka kukuomba radhi, nikakumbuka sina wa kumpigia simu. Mwisho nikaenda, si kwa ushujaa, nilitaka tu uongo wangu uwe kweli, japo umechelewa.

Mwenye mashine ya kupimia alikuwa msichana mpole. Chuma kiliniminya, nikalia, akadhani naumia. Wiki mbili baadae wakaniita. Walikuta kijivimbe kama punje ya dengu, ndani sana, mkono wangu usingekigundua. Nikapasuliwa, nikapigwa mionzi. Daktari alinambia nimewahi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta wa maegesho, jua linanichoma, nikasema Alhamdulillahi, kisha nikasema ahsante Lin. Yote mawili niliyasema pamoja na sikuona ubaya.

Sasa nna jambo la kukufurahisha. Mei, jirani yako muuza mikoba, amepima. Alikataa mara mbili. Alinieleza, kwa simu yake inayotafsiri, kwamba hawezi kujivua mbele ya daktari mwanamume, na mumewe huko kwenu atamuuliza nani kamtuma kutafuta ugonjwa. Nikapiga simu kituoni mbele yake. Nikaambiwa wanaopima ni wanawake tu. Akasema na duka je? Mama akachukua kiti akaketi dukani kwake asubuhi nzima, akiwahudumia wateja kwa ishara na ukali wake ule unaoujua.

Mei alikutwa salama. Hakungoja tufike garini. Hapo hapo mlangoni akampigia rafiki yake mmoja, kisha wa pili, anaongea mbiombio kwa lugha yenu. Sikuelewa chochote isipokuwa jina lako. Alilitaja mara tatu.

Wale wawili tumekwenda nao Jumapili iliyopita. Mmoja kaambiwa arudi kuangaliwa tena. Anaogopa, nami nitafuatana naye, kwa sababu kile chumba cha kungojea nakijua kilivyo kirefu mtu akiwa peke yake.

Aliyebaki ni Mama. Anasema mwili wake hajauona mtu tangu baba alipofariki na hauonwi sasa. Jana nilimwambia nilivyokudanganya, maana hata yeye hakujua. Akaniuliza kituo kinafunguliwa saa ngapi.

Sijui dua za kwenu, nnakuombea kwa ninazozijua. Lala kwa amani, shoga yangu. Nakuahidi: mwanamke yeyote atakayeniuliza kama nimepima atapata jibu la kweli, na hatoondoka mpaka na mie nimemuuliza yeye.

Wako,
Salma