Sufi ya Mlimani

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mwanangu. Sote wazima, alhamdulillahi. Babu yako goti linamsumbua, lakini mdomo haujambo.

Unauliza kama mmea huo wa msituni ulio uani kwako huko ugenini, uliopasuka shina ukatoa utepe wa barafu, umekufa, uung'oe.

Mwaka tuliohamia Nizwa, huku Uarabuni, kutoka Unguja, mama yangu aliona barafu kama hiyo mlimani, kwenye shina kavu. Akadhani sufi! Akaikusanya kangani ajazie mto. Kufika nyumbani, kanga imerowa, sufi hamna. Jirani akacheka: "Hayo maji ya mzizi. Mmea ungekuwa umekufa, ungeyatoa wapi?"

Kesho yake mama akazifungua mbegu za mchicha alizotoka nazo Unguja, alizoapa atarudi nazo, akazipanda uani.

Usiung'oe. Mchicha tulioula jana umetokana na mbegu zile.

Bibi yako