Kigimbi cha Zuhura

Sohar, Oman
Ijumaa, baada ya swala

Mke wangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Ni matumaini yangu kuwa Hamisi amekukuta mzima hapo Buzebazeba, na kwamba kile kikohozi chako cha moshi wa kubanika samaki wa migebuka kimepungua. Mama anaendeleaje na magoti yake? Mvua zimeanza? Mimi sijambo. Joto tu ndilo linatuonea. Ikifika saa tano usukani wa lori la maji haushikiki mpaka uuvishe kitambaa.

Utajiuliza karatasi ya nini na simu ipo. Hamisi wa Mwanga, tunayefanya naye kazi huku, anarudi likizo, nikaona nimpe barua. Jambo hili nikilianza kwenye simu nitapandisha sauti, na wewe utakata, kama ulivyofanya ile siku. Hapa utanisoma mpaka mwisho.

Mwajuma, nina wivu. Niseme tu hivyo.

Wivu ulianza na ile video uliyonitumia. Nilikuwa kwenye foleni ya kujaza maji, nikaifungua. Zuhura amelala kifudifudi kwenye kitanda cha hospitali, kigimbi chake kimepakwa ile jeli. Festo, huyo daktari wenu wa mazoezi, anakipitisha kidude cha utrasaundi juu ya mguu wa mwanangu taratibu, kama anayepiga pasi hariri. Kioo kinaonyesha rangi. Nakusikia unasema, "Ona Baba Zuhura, palipo pekundu ndipo msuli umekaza, palipo bluu umelegea. Mwezi uliopita hapa pote palikuwa pekundu!" Halafu Festo akasema neno sikulisikia vizuri, mkacheka wote wawili. Na Zuhura akacheka.

Ningefurahi. Wakati Zuhura ana mwaka mmoja, tulipoambiwa ni mtindio wa ubongo, ni nani aliyekuwa anamkanda miguu ile kwa mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kila jioni? Ilikuwa migumu kama kuni, nikakanda mpaka vidole vikafa ganzi, bila kujua kama nasaidia au naumiza. Sasa kuna mashine inayoona ndani ya nyama, inasema hapa pagumu, hapa pamelainika, mazoezi haya yanafaa, yale hayafai. Ningefurahi. Lakini nilichokitazama mimi ni mkono wa Festo. Halafu nikaona umevaa kanga niliyokuletea Idi. Nikairudia video ile mpaka dereva wa nyuma akanipigia honi.

Toka hapo kila ukipiga simu nasikia Festo tu. Festo kasema asikae amekunja miguu nyuma. Festo kasema vile viatu vya kunyoosha avivae hata akilala. Zuhura kasimama mwenyewe ameshika meza, na nani alikuwepo? Festo. Mimi baba yake nikapata habari kesho yake, kama jirani. Na Jumanne, siku yenu ya kipimo, simu yako inazimwa asubuhi mpaka saa sita. Nikauliza, ukasema, "Chaji." Wiki ya pili, chaji. Mke wangu, chaji gani hiyo inayoijua Jumanne?

Kuna jambo nimelifanya na wewe hulijui. Nilimwomba shemeji Juma namba ya Festo. Nikamwambia kaka yako nataka kumshukuru. Jumanne iliyopita nikaegesha lori pembeni ya barabara, nikampigia huyo bwana. Maneno nilikuwa nimeyapanga, na hayakuwa mazuri.

"Halo, Festo hapa."

"Mimi ni Ramadhani," nikasema. "Mume wa Mwajuma."

"Eeh, Baba Zuhura! Mwakeye, habari za asubuhi, kaka yangu! Umenipata pazuri, binti yako ninaye hapa na nesi. Mama yake katoka kumnunulia uji. Ngoja nikuweke spika amsikie baba yake."

Ndugu huyu hakuniachia nafasi ya kutukana. Nikajikuta naita tu, "Zuhura? Zuhura mama?"

Akanijibu, "Ba... Baba! Baba!" Unajua anavyoitoa ile sauti, kama anaivuta kwa kamba.

Nikamsikia Festo anacheka. "Haya, kipimo kimekwisha kuharibika! Kioo chote chekundu."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kosa. Hiki kipimo kinataka mtoto atulie kabisa. Kwa hali yake, akishtuka au akifurahi sana misuli inakaza yenyewe. Mtoto mwingine angetabasamu, yakaisha. Huyu wako anafurahi mpaka miguuni." Akaongeza, "Ndiyo maana mama yake anazima simu. Siku moja ulipiga katikati ya kipimo, tukaanza upya. Hajakwambia? Labda aliogopa utajisikia vibaya."

Mwajuma, nilikaa kwenye lile lori kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Basi nikate?" nikamuuliza.

"Hapana, usikate. Nyamaza tu. Nipime tena ukiwepo."

Nikanyamaza. Nilizima hata feni ya lori. Nikasikia kiti kinasogezwa. Nikasikia Festo anamwambia, "Pumua, bibi, pumua kama samaki," na Zuhura anapumua kwa kelele. Jasho linanitiririka, magari yananipita, nami nimeziba mdomo kwa kiganja nisije nikakohoa. Tukakaa hivyo. Baadaye Festo akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Bluu inaingia. Inaingia... hapo. Safi sana."

Nilimwomba asikwambie, nikataka ulisikie kwangu. Kwa hiyo kama siku ile ulirudi na uji ukakuta Zuhura anaita "Baba" na ukadhani ananikumbuka tu, sivyo. Nilikuwepo.

Sasa usidhani wivu umeniisha. Ule wa kijinga umekwisha, ule wa kanga na kicheko, na ule nisamehe. Uliobaki ndio mkubwa. Kabla hatujaagana nilimuuliza Festo, "Kwa nini kwako analegea, kwangu anakaza?"

"Mimi ananiona kila wiki," akasema. "Nimeshakuwa kama ukuta wa chumba hiki. Wewe kwake ni sikukuu."

Alidhani ananipa sifa. Mimi neno hilo lilinichoma. Sikukuu ni ya mara moja, watu wanavaa, wanakula, inapita. Namwonea wivu mtu ambaye akiingia chumbani mguu wa mwanangu haushtuki. Ninakuonea wivu wewe unayemwogesha na kumvalisha bila yeye kukaza hata kidole. Nataka na mimi nizoeleke. Nataka siku moja niseme "Zuhura" na kile kioo kibaki bluu vilevile, kwa sababu ni baba tu, yupo, jana alikuwepo na kesho atakuwepo.

Juzi tajiri aliniita kuhusu kuongeza mkataba. Najua tulivyokubaliana mimi na wewe, kwamba nitauongeza. Nimemwambia hapana. Huu niliosaini nitaumaliza, halafu narudi. Yule fundi wa mashine za boti pale Kibirizi aliwahi kuniambia nafasi ipo nikitaka; nitaanza hapo. Nilipaswa kukuuliza kwanza, na kama utakasirika, kasirika, nitakuja kukasirikiwa nikiwa nyumbani. Ila Jumanne zote ni zangu. Nitakaa kwenye kile chumba nijifunze kumnyoosha, na Festo atanionyesha hata kama hataki.

Mama kule Kasingirima mpe shikamoo yangu, umwambie magoti asiyapeleke bondeni kwenye shamba la mihogo mpaka nifike. Shemeji Juma msalimie, na usimgombeze kwa ile namba. Wifi yako mkubwa mwambie nimepokea picha za harusi, amependeza. Jirani yetu Mama Anjelina, aliyekusaidia kumbeba Zuhura siku za matope, mwambie sijamsahau. Festo naye msalimie. Nimeandika hilo huku nimeuma meno, lakini nimeandika.

Zuhura usimpe salamu yoyote. Hiyo nitamletea mwenyewe.

Ni mimi mumeo,
Ramadhani